Kisogo cha Mkwe

Kaberia alijivunia Kiingereza chake, na hicho ndicho kilichomponza. Tangu Hali ya Hatari itangazwe alikuwa mkalimani katika kambi ya mahojiano nje ya Kanyakine, na alipenda watu wajue kwamba hakuna neno la mzungu linalompiga chenga.

Asubuhi hiyo aliletwa Kathuri, mkulima mpole. Alidaiwa kuwa na wapiganaji wa msituni siku lilipochomwa daraja. Mwenyewe alisema siku hiyo alikuwa juu ya ghala la mama mkwe wake, Igoki, akiliezeka upya. Mama akithibitisha, mtu anarudi kwake. Asipothibitisha, anapandishwa lori la kizuizini. Kaberia alikulia naye kijiji kimoja, na moyoni alimwombea.

Igoki akaingia. Papo hapo Kathuri akageukia ukuta. Igoki naye akavuta leso akajifunika uso. Nyumbani kwao hilo halina ajabu: mkwe na mama wa mkewe hawatazamani, ndiyo heshima yenyewe. Lakini afisa mzungu wa mahojiano, kijana ambaye ngozi yake ilikuwa bado inababuka kwa jua, aliona watu wawili wenye la kuficha.

"Muulize kama alimwona huyu siku hiyo."

"Nilimsikia akikohoa huko juu ya paa," Igoki alijibu kwa Kimeru. "Chakula nilimpelekea kwa mkono wa binti yangu. Kumwona, hapana. Ningemwonaje, na ni mkwe wangu?"

Kaberia akatafsiri bila kupunguza kitu. Afisa akamnyooshea Kathuri kidole. "Evasive," alisema. "Unalijua neno hilo?"

Alilijua sana. Alilikariri shuleni: mwenye kukwepa. Furaha ikamjaa, maana aliona Mungu amempa mzungu neno lile lile alilokuwa akilitafuta yeye kuelezea heshima ya ukwe.

"Ndiyo, bwana. Ni evasive kabisa. Na mama huyu pia ni evasive. Hapa kwetu kila mtu mwenye adabu ni evasive."

Afisa alimkodolea macho, kisha akacheka kidogo. "Asante. Umenirahisishia kazi."

Kaberia alipoanza kueleza habari za ukwe, aliambiwa afunge mdomo. Ndipo akang'amua kwamba kwa Waingereza wenyewe neno lile halikuwa kukwepa tu. Lilikuwa kukwepa ukweli. Alikuwa amemwita Kathuri mwongo, tena kwa tabasamu.

Askari walipomshika Kathuri, Igoki aliivua leso.

"Mwambie mzungu nitamtazama mkwe wangu," alisema. "Kama ni kutazamana wanakotaka, nitamtazama hapa hapa."

Akasimama njiani, uso wazi, machozi yakimtiririka. Kathuri akapitishwa mbele yake kwa karibu, na alikuwa amefumba macho. Hakuyafumbua mpaka alipofikishwa kwenye lori.

Lori lilipoondoka, Igoki alimfuata Kaberia nje ya ofisi.

"Mwanangu, mimi Kiingereza sijui. Ulimwambia nini yule hata akacheka?"

Kaberia alitazama viatu vyake. Akatazama vumbi la lori barabarani. Akajigeuza taratibu, kama mwenye kutafuta kitu ukutani.

"Mbona wanipa kisogo?" Igoki akamuuliza. "Wewe si mkwe wangu."