Figo la Mtoto wa Watu

Kila mwezi wa Machi mwalimu wa msikiti wetu wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, alikereka. "Tunamuombea nani?" aliuliza, na mume wangu Seifu akajibu vilevile: "Mutoto wa watu."

Seifu alikuwa fundi wa mashine za meli bandarini. Mwaka 1989 mafigo yake yalipokufa, kampuni ilimpeleka Ubelgiji, akawekewa figo la kijana aliyefariki katika ajali ya barabarani. Jina hawakumwambia. Walimwambia umri tu, miaka kumi na tisa. Tangu hapo, kila ifikapo siku ya kifo chake, tulipika pilau na kuwagawia majirani iwe sadaka ya marehemu ambaye hakujua hata Bujumbura iko wapi. Mwalimu alinung'unika, lakini pilau aliila.

Dawa zilikuwa kazi yangu. Mume wangu aliweza kufungua injini nzima na kuifunga tena, ila kopo la dawa lilimshinda. Vidonge vinne asubuhi, vinne jioni, bila kukosa. Docteur Astère, daktari wake, alitueleza kwamba mwili haumzoei mgeni. Dawa zikipungua, unamfukuza. Seifu alikinga kiganja, akafumba macho, akasema bismillahi, akameza. Hakuhesabu hata siku moja.

Mwezi wa nane mwaka 1996 nchi jirani zikatufungia mipaka kwa sababu ya mapinduzi ya kijeshi, na ndege iliyotuletea dawa ikakoma. Nilibaki na makopo mawili.

Hapo ndipo nilipojifanya mjanja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa na zaidi ya miaka saba ndani ya mwili wa mume wangu. Nikaona ameshakuwa mwenyeji, atajitegemea. Nikaanza kumpa Seifu vidonge viwili vya kweli na viwili vya vitamini vilivyofanana navyo rangi. Sikumwambia. Nilijua akisikia dawa zinakwisha atapanda boti kuvuka ziwa kwenda kuzitafuta Congo, na siku zile za vita boti zilikuwa zikipigwa risasi. Nilimkinga na ziwa, nikamuua kwa mkono wangu.

Miezi ikapita. Alikula, alicheka, alinitania kwamba nazeeka kabla yake. Nikajisifu moyoni. Halafu, mwezi wa Machi mwaka uliofuata, miguu yake ikavimba na mkojo ukapungua.

Docteur Astère alisoma karatasi ya vipimo vya damu, akairudia. Akasema mwili umelikataa figo, na dawa haziwezi tena kulirudisha. Mashine ya kusafisha damu hatukuwa nayo nchini.

"Dawa alikuwa anakunywa zote?" aliniuliza mimi.

Seifu akanitangulia. "Zote, docteur. Mama Saliha hajanikosesha hata siku moja."

Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikatazama viatu vyangu. Naona aibu hadi leo.

Wiki iliyofuata hakuweza tena kuinuka kitandani. Aliniita, akaniambia nichukue karatasi.

"Andikia mama yake ule mutoto," alisema. "Hospitali ya kule watamufikishia. Umuambie mutoto yake ameishi na mi miaka munane. Nilimutunza. Na kama kuna kosa, anisamehe."

Ilibidi niandike kwa Kifaransa. Seifu alikizungumza na mabosi wake, lakini kukisoma hakujua. Alisoma chuo cha Kurani tu, herufi zake ni za Kiarabu. Nikaandika maneno yake yote kama alivyoyasema. Kisha mkono ukakataa kusimama. Nikaandika: Mama, mume wangu hana kosa. Ni mimi niliyempunguzia dawa bila yeye kujua. Mwanao alikuwa bado na nguvu ya kuishi.

"Mbona ndefu hivyo?" Seifu aliuliza.

"Kifaransa kina maneno mengi, Baba Saliha."

Akatabasamu. Nilitamani anione uso, aniulize tena, nimwambie. Hakuuliza. Alikinga kiganja, nikamwekea kalamu. Akasema bismillahi, akaandika jina lake polepole kwa vidole vilivyovimba, chini kabisa, chini ya maneno yangu. Kisha akanirudishia karatasi, akaniambia asante.