Jembe la Siku ya Tatu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekwenda Bhutan kuwa mgeni. Wa kulaumiwa ni mwanangu Lusajo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini huniwashia televisheni ili nisiwe mpweke, na jana ilikuwa ikionyesha nchi hiyo ya milima, huko kati ya India na China, ambako watu hutoka mbali kwenda kukaa na familia za wakulima katika nyumba zao za kale. Mzungu mmoja alishika mundu, anavuna mpunga, jasho linamtiririka, anacheka. Msimulizi akasema bwana huyo amelipia. Nilimtazama kwa wivu mpaka uji wangu ukapoa.

Mimi huu ni mwaka wa pili niko hapa Dodoma. Tulipomaliza matanga ya baba yake, Lusajo alinitoa Tukuyu, akanipa chumba chenye zulia, na tangu siku hiyo mkewe Generosa hajaniachia nioshe hata kijiko. "Pumzika, Mama." Nimepumzika mpaka mifupa inauma. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi siku yangu ya tatu haijafika.

Basi nimesimama mbele ya nyumba ya udongo ulioshindiliwa, ghorofa tatu, madirisha ya mbao yamechorwa maua. Chini wanakaa ng'ombe, katikati nafaka, juu watu. Ngazi yake ni gogo moja lililochongwa vidato.

"Utakaa siku ngapi?" ngazi ikaniuliza.

"Tatu."

"Wengi husema mbili."

"Mbili ninazo nyumbani. Nimekuja kutafuta ya tatu."

Ngazi ilifikiri kidogo, ikaniambia nivue viatu na nisiikanyage pale ilipooza. Nikapanda.

Juu nikamkuta mwenye nyumba, bikizee mwenye nywele fupi na mashavu mekundu kwa baridi. Jina lake Choki, lakini kila mtu humwita Angay, yaani bibi. Alinisalimu kwa Kinyakyusa kilichonyooka na mimi sikuona ajabu. Akaniketisha karibu na jiko la kuni, akanipa chai yenye siagi na chumvi, kisha akachota wali mwekundu.

"Asante, Angay," nikasema, nikakinga bakuli. Kwetu kumkatalia mtu chakula ni kumtukana.

Upawa ukasimama hewani. "Hujakataa," ukaniambia.

"Sitaki kukataa. Nina njaa."

"Huku mgeni hufunika mdomo kwa viganja, akakataa mara mbili. Ya tatu ndiyo anapewa."

Nikafunika mdomo, nikakataa mara mbili, tumbo linanisuta. Mara ya tatu wali ukashuka bakulini wenyewe, ukajipanga vizuri.

Tulipomaliza nikakusanya vyombo.

"Acha, mgeni wangu," Angay akasema. "Wewe kaa."

Nikakumbuka sheria. Nikaomba mara ya pili, akakataa. Nikaomba mara ya tatu huku nimekwisha kukunja mikono ya gauni.

"Hiyo ni sheria ya chakula," upawa ukasema. "Kazi ikikataliwa, imekataliwa."

Nikaviweka chini. Nilijua kwamba siku ya tatu haiko mbali, na jembe nilikuwa nimeliona kwa macho yangu, limeegemezwa ukutani kwa ng'ombe.

Kunakucha. Kwenye chumba cha ibada, juu ya vibakuli saba vya maji, imetundikwa kalenda. Naiendea.

"Leo ni siku ya pili," inasema. Ina sauti ya karani aliyekaribia kustaafu.

Vizuri. Nakula, nakataa mara mbili, nakula tena. Watu wa nyumba wanashuka shambani, mimi naachwa na mto wa kuegemea. Kunakucha tena. Naiendea kalenda mbio mbio.

"Leo ni siku ya pili."

"Ya pili ilikuwa jana."

"Ilikuwa siku njema. Huku siku njema inaruhusiwa kurudiwa."

"Inarudiwa mara ngapi?"

"Inategemea furaha ya mgeni."

"Mimi sina furaha."

"Hapa imeandikwa unayo," kalenda ikasema. Sikuona mahali pa kukatia rufaa.

Sijui nilikaa siku za pili ngapi. Wali ulikuwa mtamu, blanketi zito, kila mtu aliniinamia kwa heshima. Usiku nilikuwa nalala nikiwa nimeshiba na nalia bila sauti, ili nisimwaibishe mwenye nyumba. Heshima ni kitu kizuri, siikatai, lakini ukilishwa heshima asubuhi, mchana na jioni, mwisho unajisikia kama marehemu.

Siku ya pili mojawapo nikafungua dirisha, na bonde lote la Bhutan lilikuwa ni shamba langu la Tukuyu. Migomba ileile, maharage yaleyale. Mwishoni mwa tuta amesimama marehemu mume wangu, Ambakisye, ameshika mpini. Miaka thelathini na minane tulilima sambamba, yeye tuta lake na mimi langu, na kila akinitangulia kufika mwisho alikuwa akinisubiri. Wala hakuwahi kusingizia kwamba anapumzika. Ukimwuliza atakwambia, "Namsubiri mke wangu." Sasa yuko pale, na tuta la pembeni yake halijaguswa.

Nashuka ngazi haraka. Ghorofa ya katikati, penye nafaka, nakuta sebule ya Lusajo. Televisheni inawaka. Kochi linanikamata kiuno.

"Pumzika, Mama," kochi linasema.

"Niache, nasubiriwa."

"Utaumia mgongo."

"Mgongo ni wangu."

"Lusajo ameagiza," kochi likasema, likanikalisha. Nilipojinasua, njia ya kwenda chini haikuwepo tena. Iliyokuwepo ni ya kupanda.

Nikarudi kwa kalenda nikiwa nimekwisha kukasirika.

"Siku ya tatu lini?"

Ikajifunua karatasi, ikasoma. "Siku ya tatu imerukwa."

"Imerukwa vipi?"

"Ilikuwa na mkosi. Siku njema tunairudia, siku yenye mkosi tunairuka. Kesho ni siku ya nne, na siku ya nne wageni huenda zao."

Hapo nililia waziwazi. Mwanamke mzima, nina wajukuu watatu, nalia mbele ya karatasi. Nikaiambia sikuja kula wali. Nikaiambia sikuja kutazama milima, milima tunayo. Nilikuja kwa ajili ya siku hiyo moja, na kama ina mkosi ningeubeba mkosi wake mgongoni, mradi mtu aniambie, chukua hili, fanya.

"Tumesikia," kalenda ikasema. Nimekaa mijini muda wa kutosha kuijua maana ya neno hilo.

Nikapanda darini kumuaga Angay. Nilimkuta nje kabisa, juu ya paa la mbao lililokandamizwa kwa mawe, anageuza pilipili zilizoanikwa. Kwao pilipili si kiungo, ni mboga, na paa zima lilikuwa jekundu kutoka pembe hadi pembe. Nikafungua mdomo niseme neno la kuagana.

Mvua ikatokea nyuma ya mlima. Haikuwa imeangalia kalenda.

Angay akaitazama mvua, kisha akanitazama mimi.

"Wewe, umesimama unangoja nini? Anua."

Kalenda ikaita kutoka chini, "Huyo ni mgeni."

"Mgeni wa nani?" Angay akajibu. "Ana mikono miwili."

Nikapiga magoti, nikaanza kuzoa. Nazoa kwa viganja, nazoa kwa gauni, natia kwenye ungo, nazoa tena. Angay yuko nyuma yangu, anafoka kama mama mzazi.

"Polepole, unazipasua. Upande ule je, unamwachia nani? Kwenu hamkuwa na paa? Mama yako alikufundisha nini?"

Mgeni hagombezwi. Mgeni akikosea, mwenyeji hucheka na kusema si kitu. Mimi nagombezwa mfululizo, pumzi zinanikatika, pilipili zinapasuka mikononi, na tangu tulipomzika Ambakisye sijawahi kuwa na furaha namna ile. Nikageuza shingo kidogo kutazama bondeni. Ameniona. Aliinua mkono mmoja, akatema mate viganjani, akaanza tuta jingine bila kunisubiri, kwa kuwa aliona nami niko kazini.

Tone la kwanza likaniangukia puani, nikaamka.

Kumekucha Dodoma. Mwezi wa saba, mbingu kavu, zulia liko mahali pake. Nikajua ilikuwa ndoto tu, machozi yakanilenga, nikayafuta kwa vidole.

Jicho likashika moto. Nikafuta na la pili, nalo likashika. Nikapiga kelele ambayo nadhani ilifika kwa jirani.

Generosa akaja mbio na mtandio begani. Akaushika mkono wangu, akaunusa, akapiga chafya tatu mfululizo. Katika nyumba hii pilipili haijaingia miaka mitano, kwa sababu ya vidonda vyake vya tumbo. Hata kwenye kachumbari hatutii.

"Mama, hizi pilipili umezitoa wapi?"

"Mvua ilikuwa inakuja," nikasema.

Akalitazama dirisha, akanitazama mimi, akapiga chafya ya nne. Halafu uso wake wa heshima, ule wa miaka miwili, ukamtoka.

"Mama, jamani, wewe ni mtu mzima. Unashika pilipili halafu unajipangusa macho? Usiguse shuka. Usiguse ukuta. Nenda kanawe kwa sabuni, mara mbili, na ukimaliza uje jikoni unimenyee zile ndizi, maana umeshanichelewesha."

Sikuwa naona vizuri, lakini bomba nilijua liliko. Nikanawa haraka haraka, kabla hajaghairi.