Zamu ya Nyevu

Jumwa alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi ya pili, tarishi wa chifu alipoingia uani na barua ya hospitali. Ilikuwa Alhamisi, mwaka wa 1947. Tarishi akaisoma kwa sauti: Nyevu wa Masha, wa Junda, mwenye uvimbe wa titi, zamu yake ya kupasuliwa imefika. Aje Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Nyevu, mamake Jumwa, alikuwa na miaka miwili kaburini, nyuma ya jiko.

Jumwa akafuta mikono, akazunguka jiko, akamweleza. Nyevu hakupenda kuchelewa hata alipokuwa hai. Jumapili akatoka, akajikung'uta mchanga, akaitisha maji ya kuoga na leso safi.

“Umekonda, mayo,” Jumwa alisema.

“Nawe kakae miaka miwili bila wali, tukuone.”

Kisha akaona binti yake anavyolinda upande wa kushoto. Akapeleka mkono. Uvimbe ulikuwa kama korosho. Wake pia ulianza vivyo hivyo.

“Tangu lini?”

“Tangu masika.”

“Basi tuna bahati. Zamu ni yangu, na mimi haraka imeniishia. Utaingia wewe.”

Junda nzima ikachangamka. Hakuna wa kwao aliyewahi kufika mbele ya kisu mapema; siku zote waliambiwa wamechelewa. Bibi mmoja wa Kizungu, jirani yao wa Nyali, alipapasa uvimbe Jumanne, akapasuliwa Ijumaa, na bado anacheza tenisi. Jumatatu wakavuka daraja kwa ngoma, Nyevu mbele, akiwacheka wazima kwa kujikokota.

Karani Dishon wa hospitali akasoma barua, ndiyo cheti cha zamu, akawatazama wawili hao.

“Nyevu ni nani?”

“Mimi, mwanangu. Lakini atakayepasuliwa ni huyu.”

“Shikamoo, mama. Cheti hakihamishwi.”

“Mimi nishakufa, baba.”

“Naona, mama. Lakini umewahi.”

Nyevu akapasuliwa saa nne. Daktari mwenyewe akatoka kusema kazi ilikuwa safi, uvimbe hautarudi. Vigelegele vikapasua ukumbi: mtu wa kwanza wa Junda kupona ugonjwa ule. Watu walicheza hadi daraja likayumba.

Jumwa aliandikiwa cheti chake, kwa mwandiko mzuri, kisicho na tarehe. Atangoja kwenye foleni.

“Nenda nyumbani ukapike,” Nyevu alimwambia. “Kungoja nakujua mimi.”

Akaketi kwenye benchi la ukumbini, kifua kimefungwa bendeji, amshikie bintiye nafasi. Wiki ya pili wakaja wengine waliozikwa Likoni na Magongo, kila mmoja na cheti cha mtoto wake. Dishon akaomba benchi refu zaidi, akapewa siku ileile.

Kila Ijumaa Jumwa huwapelekea mahamri, nao humpokea kwa kelele na mizaha. Uvimbe wake sasa ni kama limau. Foleni imesogea watu wawili.