Nyeusi Chini ya Mifupa

Orrin alikuwa ameloweka kopo la rangi nyeusi ya kupuliza katika beseni la maji ya uvuguvugu, maana baridi ya mji wa Duluth ikiingia koponi, rangi hutoka na chengachenga. Binti yake Maren aliingia gerejini akikung'uta theluji viatuni, akaliona, akacheka.

"Baba, nyeusi? Unaumwa?"

"Nimeamua kubadilisha."

"Wewe? Uliyenifokea tangu utotoni kwamba kuanza sanamu na nyeusi ni uvivu?"

Kweli alifoka. Kila sanamu ya mifupa, ndefu kama kidole gumba, aliipulizia nyeupe kwanza, kisha kwa brashi nyembamba kama unywele akatia giza kati ya ubavu na ubavu. Kwenye mashindano ya klabu yao ya wapaka rangi sanamu, watu waliinama kuzitazama. Nyeusi haidai hayo. Unasugua juu yake brashi kavu yenye rangi ya mfupa, mbavu zinajitokeza zenyewe. Hata mkono unaotetemeka unaweza.

Mkono wake wa kulia alikuwa ameutia mfukoni.

"Wenzako klabuni watakucheka mpaka kiangazi," Maren alisema. "Jeshi zima la mifupa umelianza na nyeupe, halafu hawa wa mwisho watoke kama wamelala kwenye masizi?" Akachukua kopo la nyeupe rafuni, akalitia ndani ya beseni. "Likipata joto napuliza mimi. Kesho nakaa hapa nikuangalie ukichora mbavu."

Orrin alilitazama kopo likielea.

"Usipulize."

"Kwa nini?"

Alitafuta uongo, hakuupata. Akatoa mkono mfukoni, akauweka mezani. Sanamu zilizopangwa hapo zikaanza kugongana.

Maren aliacha kucheka. "Tangu lini?"

"Kabla ya theluji."

"Mama anajua?"

"Anajua nimeacha kahawa."

"Na daktari?"

"Daktari ataniambia nini ambacho mkono haujasema?"

Maren aliliopoa kopo jeusi, akalifuta kwa sweta lake, akaanza kulitikisa. "Napuliza nyeusi. Jumatatu nakupeleka hospitali. Na Mama unamwambia sasa hivi, kwa mdomo wako."

Mifupa ya mstari wa mbele ikamezwa na weusi.

"Baba."

"Nimesikia. Usisahau makwapani mwao."

Akaenda hadi mlango wa jikoni. Ndani mkewe alikuwa akiosha vyombo, redio ikiongea. Orrin alishika kitasa, na kitasa nacho kikaanza kulia mkononi mwake.