Mgeni wa Odessa Pruitt

Odessa Pruitt alikuwa akikaanga kambare jikoni kwake, Los Angeles, mwanamke wa katuni, wa kuchorwa, alipobisha hodi mlango wa nyuma. Alikuwa mweusi kama dawa ya viatu, midomo mipana kama sahani, aproni kiunoni. Akisimama kiubavu alitoweka, kwa kuwa alikuwa bapa kama karatasi.

"Wamenitoa kwenye televisheni, dada," alisema. "Eti naaibisha. Sina pa kwenda."

Sauti ilikuwa ya Odessa mwenyewe. Alikuwa ameikodishia studio ya katuni sauti hiyo mwaka 1941, akiwa mwalimu wa muziki, na wenye studio wakamrudisha kwenye maikrofoni tena na tena mpaka akazungumza kama mtu asiyewahi kuona darasa. Jina lake halikuandikwa kwenye filamu.

Odessa alimwambia aketi kabla samaki hawajapoa. Walipokwisha kula akamuuliza nani alimchora. Mgeni akamtaja Bwana Whitcomb, ambaye Jumamosi studio ilikuwa ikimwandalia karamu ya kumuaga anapostaafu.

Jumamosi wakaenda. Mlinzi wa getini alimtambua mgeni mara moja, akamshika mkono na kumwambia watoto wake wamekua wakimtazama. Kisha akamgeukia Odessa, aliyekuwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Wapishi wanapita nyuma."

"Mimi si mpishi."

"Basi wahudumu pia."

Mgeni alimfunika Odessa kwa upana wake, wakaingia pamoja. Ukumbini watu walimpigia mgeni makofi. Odessa alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Whitcomb na kumwambia achukue kalamu aurekebishe mdomo ule.

"Mbona hasira hivyo?" alisema mzee. "Nilikuwa nachekesha watoto tu."

"Binti yangu alirudi kutoka shule akajipima midomo kwa rula," alisema Odessa. "Alikuwa na miaka sita. Rekebisha."

Whitcomb alitoa kalamu. Akatia saini yake kwenye aproni ya mgeni, kubwa, yenye mkia, na wapiga picha wakasogea.

Saini haikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Odessa alisugua mpaka vidole vikachubuka, akitukana kwa maneno ambayo wanakwaya wake hawakujua kama anayajua. Mgeni alitulia tu, akainua mikono asuguliwe vizuri. Tangu hapo analala kwenye kochi, na wageni huonywa waangalie kabla ya kukaa.

Jumatatu gazeti liliisifu studio kwa ujasiri wa kuiondoa filamu. Odessa akapiga simu studio. Alitaka jambo moja: jina lake liandikwe palipostahili, hata kama hakuna atakayelisoma.

Karani alikuwa na adabu. Alimweleza kwamba filamu hiyo haipo tena, kwa hiyo hakuna mahali pa kuandika jina.

"Haipo?" Odessa aliuliza.

"Haipo, mama. Ni kama haikuwahi kutengenezwa."

Mezani, yule ambaye hakuwahi kutengenezwa alikuwa akimenya viazi.