Kengele ya Mwalimu Theopista

Msiniambie mimi eti mwalimu mzuri ni yule mwenye fimbo ndefu. Mimi Generosa, mama yake Dina, mwalimu mzuri nimemwona kwa macho yangu haya, huku huku Mwamkulu, mwaka wa tisini na sita, na mkononi hakuwa na hata kijiti.

Sisi ni watu wa mpunga. Mpunga ukianza kukomaa, ndege wanashuka tangu kunapopambazuka, na usipokuwa na mtu wa kuwafukuza utavuna makapi. Kazi hiyo ni ya watoto, tangu na sisi tukiwa wadogo. Dina wangu, darasa la tatu, alikuwa anapanda juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, anapiga debe na kupayuka mpaka jua likolee. Ndipo anakimbilia shule na matope yake. Na shule inafunga geti saa moja na nusu! Ukichelewa unakula viboko, halafu unapiga magoti kwenye changarawe pale getini wenzako wakikuangalia.

Mtoto akachoka. Akawa anaaga kwamba anakwenda shule, kumbe anajificha kwenye majani nyuma ya choo, anasikiliza wenzake wakiimba hesabu. Jina lake lilikuwa karibu kufutwa kwa utoro, nami nyumbani najua mwanangu anasoma. Aliyemkuta kule ni Theopista, mwalimu mkuu mpya aliyehamia kutoka Kasekese. Akamshika mkono akamleta kwangu. Nikanyakua mwiko.

"Mama Dina, weka chini huo mwiko," akasema. "Kesho alfajiri nakuja shambani kwako."

"Kufanya nini?"

"Kufukuza ndege."

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Mwalimu mkuu, na viatu vyake vya kisigino? Thubutu!

Akaja. Pekupeku, kanga kaifunga kiunoni, akapanda dungu na Dina, akapiga debe na kupayuka mpaka sauti ikamkauka. Jua lilipokuwa kali ndege wakakimbilia mitini, shamba likatulia. Akamuuliza Dina, "Hawa wanarudi saa ngapi?"

"Jua likianza kulegea, mwalimu. Saa hizi wanapumzika."

Mwalimu akasema, "Basi na sisi tutasoma ndege wakipumzika."

Haki ya Mungu, alifanya hivyo hivyo. Akatuita wazazi, tukakubaliana: msimu wa mpunga, kengele ni saa nne, kutoka ni saa tisa. Lile geti akaling'oa, mbao zake zikawa benchi. Pale lilipokuwa akaweka ndoo ya maji na beseni la kunawia miguu, na yeye mwenyewe anasimama hapo, anamwita kila mtoto kwa jina lake. Watoto wakajaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Nilimpenda yule mwanamke, sifichi.

Lakini watu hawakosi maneno. Habari zikafika mjini Mpanda, na asubuhi moja saa tatu gari la mkaguzi wa shule likasimama uwanjani. Nilikuwepo, ilikuwa zamu yangu ya kuleta maji. Mkaguzi, mzee mmoja anaitwa Rafaeli, akazunguka madarasa. Yote matupu.

"Wanafunzi wako wapi?"

"Shambani, mzee," akajibu Theopista. "Watafika saa nne."

"Mwalimu, serikali haipangiwi ratiba na ndege! Kesho kengele inarudi saa moja na nusu, na wewe utatafutiwa kituo kingine."

Akilini nikamwona Dina wangu karudi kujificha nyuma ya choo. Na huu mdomo wangu hauna breki.

"Shikamoo mzee. Hujaona hata mtoto mmoja, sasa unahukumu nini? Si ukae hapo kwenye benchi, karibu na beseni, uwasubiri? Wewe una gari, ndege hawatakulia mpunga!"

Theopista ananikonyeza ninyamaze. Weee! Ninyamaze mimi? Mkaguzi akanikazia macho, akaketi. Nafikiri alitaka tu nimwondolee kelele zangu. Akakaa pale amenuna, anaangalia saa yake kila mara.

Wa kwanza kufika alikuwa Dina, matope hadi magotini, daftari kaliviringisha kwenye mfuko wa nailoni. Akamwona mzee amejikunyata peke yake pale pale geti lilipokuwa. Hakumjua ni nani. Akamtazama, akanawa miguu yake haraka haraka, akamwaga maji machafu, akajaza mengine, akalisogeza beseni mpaka miguuni pa yule mzee. Akapiga goti.

"Shikamoo babu. Usiogope, hujachelewa," akamwambia kwa sauti ya chini. "Na hata ukichelewa, hapa siku hizi hawachapi. Nawa miguu uingie."

Nyuma ya Dina watoto walikuwa wanamiminika kutoka kwenye majaruba ya mpunga, wanakimbia, na kengele ilikuwa bado kupigwa.

Mzee Rafaeli akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Mwalimu," akasema bila kuinua uso, "hiyo kengele yako iache ilivyo mpaka mpunga uishe. Huko mjini nitasema mimi."

Nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji mengine, maana watoto walikuwa wengi.