Dakika Nne Zisizo na Kiti

Niliota, usiku wa kuamkia leo, nimeitwa kupanga viti kwenye mtihani wa binti yangu.

Hilo halikunishangaza. Kazi yangu ni kukodisha viti na maturubai, harusi na misiba, hapa Njombe mjini, tangu nilipoacha shule darasa la sita. Na mtihani wenyewe ni leo, saa tatu asubuhi. Sipora anataka kuingia shule ya sheria. Kila sehemu ya mtihani ina maswali ishirini na tano na dakika thelathini na tano, zikiisha zimeisha, na wanaochukuliwa ni wachache. Wiki sita amejizoeza kwenye stoo yangu ya viti, kama siku yenyewe: mlango umefungwa, hakuna maji, hakuna simu, na mimi ndiye msimamizi, nimeshika saa ya kubonyeza ya walimu wa riadha.

Sasa niseme jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Mara ya kwanza muda uliisha akiwa amebakiza maswali manne. Akaanza kutafuna kucha, kama alivyokuwa akifanya utotoni. Mara ya pili nikaisimamisha saa ndani ya mfuko wa koti, nikasubiri, nikaiachia. Dakika nne. Akamaliza, akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku hiyo nimefanya hivyo kila sehemu.

Turudi ndotoni.

Mlangoni pa chumba cha mtihani kuna penseli imekaa juu ya stuli. Ni ndefu kama mimi na imevaa tai.

"Vitu vyote vya kichwani viachwe nje," inasema.

Navua kofia.

"Na vingine."

Basi navitoa. Natoa idadi ya maturubai. Natoa njia ya kwenda Makambako. Natoa jina la mke wa kaka yangu, ambalo hata hivyo lilikuwa halikai vizuri. Penseli inavitia kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani na kuufunga fundo. Kumbe ni vichache.

"Kitambulisho."

Nakitoa. Picha yangu inanitazama kwa muda mrefu.

"Simjui huyu," picha inasema.

"Mzee, hebu kunja uso," inasema penseli.

Nakunja.

"Aa, ndiye. Apite."

Ndani ni ukumbi wa harusi. Nje ya madirisha ng'ombe nao wanafanya mtihani wao, wametulia kuliko watu. Viti vimeshapangwa, thelathini na tano, na ni vyangu. Navijua kwa mikwaruzo. Sipora amekaa mbele peke yake na karatasi zake. Kisha Dakika wanaanza kuingia.

Sikuwahi kuonana na dakika uso kwa uso. Ni kina mama wa makamo, wamevaa vitenge vya sare, kila mmoja na pochi kwapani. Wanaingia wakicheza taratibu, kila mmoja anakwenda kwenye kiti chake. Wa kwanza ana haraka. Wa kumi na saba anasinzia kabla hajakaa. Wa thelathini na tano ameshaanza kulia.

Jukwaani, mahali pa mgeni rasmi, imekaa ile saa yangu ya kubonyeza. Imenenepa.

"Kila dakika na kiti chake," inatangaza. "Tumetimia?"

"Bado sisi," wanasema kina mama wanne mlangoni, wanacheka. Vitenge vyao si vya sare, ni vizuri zaidi.

"Nyie wa upande gani?"

"Upande wa Baba Sipora," anajibu mmoja mnene. "Ndiye aliyetualika."

Ukumbi wote unageuka kunitazama. Hata ng'ombe.

Katika kazi yangu aibu ni moja tu: mgeni kusimama. Kwa hiyo nakimbia. Naleta kiti cha ziada. Kinanong'ona, "Samahani bosi, sipo kwenye orodha," kinaondoka kwa miguu yake minne. Najaribu kumsogeza wa kumi na saba wakae wawili.

"Shemeji," anasema bila kufumbua macho, "mimi nimekuja na makalio yangu yote."

"Basi wapewe kazi jikoni, wapakue pilau," namwambia mgeni rasmi. Kwenye harusi, mbinu hiyo haijawahi kushindwa.

"Mtihani hauna pilau," saa inasema, na kujibonyeza.

Dakika wanaanza kuondoka. Mmoja anainuka, anapunga mkono, anatoka. Mwingine anafuata. Wa ishirini ameshatoka. Wa thelathini anatafuta kiatu. Na Sipora anaandika polepole, anatabasamu, anageuza kurasa kama mtu mwenye kesho na keshokutwa. Yuko swali la ishirini.

Nafungua mdomo nimwambie. Kinatoka kikaratasi: MSIMAMIZI HARUHUSIWI KUSEMA NA MTAHINIWA. Najaribu tena. Kinatoka cha pili, kina muhuri.

Yule mama mnene ananivuta shati.

"Baba Sipora, ulidhani sisi tutaingia naye huku?"

"Nilidhani atazoea mwenyewe."

"Atazoea nini? Ametuzoea sisi."

"Nilimwonea huruma."

"Tunajua. Unadhani tumependeza hivi kwa nini?"

"Sasa mtakaa wapi?"

"Humu hatukai. Lakini kabla ya mtihani hakuna anayehesabu viti. Twende."

Wananibeba wanne, kila mmoja mguu au mkono, kama wanavyobeba meza. Tunapita mbio mbele ya penseli, wanacheka, mimi pia nacheka, ukumbi unakuwa korido ya nyumbani kwangu, na wanaanza kubishana nani abishe hodi.

Nikaamka. Simu ilionyesha saa kumi na moja na dakika hamsini na sita. Kengele nilikuwa nimeitega saa kumi na mbili kamili.

Nilikwenda chumbani kwa Sipora peku. Alikuwa amekaa kitandani, anafunga kamba za viatu.

"Mama," nikasema, maana ana jina la mama yangu, "nimekuwa nikikuongezea dakika nne. Nilikuwa nasimamisha saa."

"Mara ngapi?"

"Kila sehemu."

"Hata ile niliyompigia simu shangazi kumringia?"

"Hasa ile."

Nilitegemea alie. Akahesabu kwenye vidole, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo mimi ni mtu wa maswali ishirini na moja."

"Ndiyo hivyo."

"Basi yale marefu nayaruka, nayarudia mwisho. Yakinishinda nabahatisha. Tupu siachi." Akakaza kamba. "Baba, ungeniambia jioni nisingekusamehe."

"Najua."

"Na wale kina mama wameenda wapi?"

Nyumba yetu ina watu wawili, mimi na yeye.

"Kina mama gani?"

"Sikuwaona. Wamebisha hodi sasa hivi, wakacheka. Nikawaambia wakae sebuleni. Mmoja akasema, asante mwanangu, sisi tunapita tu."